Louise Amekuacha

Dzaleka, 13 Februari 2011

Mama Douce,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako, kwa sababu changu kilivunjika mguu siku ile ile uliyoondoka. Mi nasema ni uzito wa huzuni. Mtoto wako Douce anasema ni uzito wa nsima, huu ugali wa huku.

Hapa kambini tuko wazima. Cherehani inalia kama kawaida. Nashona sare za kwaya na nimekata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo Pasaka mwimbaji mmoja ataimba ameinua bega. Bantu wote kanisani watafikiri ni Roho Mtakatifu.

Sasa tuingie kwenye habari kubwa. Kazi ya atelier, hiyo karakana ya kushona ya parokia hapo Lilongwe, Area 18, ulisema ni mpaka mwisho wa mwezi wa saba, kisha unarudi nyumbani. Nilikubali kwa kinywa. Moyo bado uko kwenye kikao. Na kwa kuwa huko mtandao ni mzuri, nilikukabidhi mkebe wangu wa sarafu, uziandikishe kwenye ile rejista ya mtandaoni ya wakusanyaji. Tangu Bukavu nilizibeba nimezishonea ndani ya koti, na koti lenyewe liliponyeshewa nililia koti na sarafu kwa zamu. Nataka mtu wa Ubelgiji, au wa Brazili, afungue kompyuta yake asubuhi akute mkusanyo wenye jina: Makuta ya Kadutu, mwenye ni Gaspard, fundi wa nguo. Akunywe kahawa yake akiwa na wivu kidogo.

Maagizo yangu ni haya. Usizioshe, hata kwa limau, hata kwa majivu, hata zikikutia aibu mbele ya bantu. Sarafu iliyooshwa ni kama mzee aliyepaka nywele rangi: kila mtu anajua, na bei inashuka. Ile ya faranga mbili, ya pembe sita, yenye tembo, uikamate ukingoni tu. Hiyo ni ya vita, ya mwaka wa arobaini na tatu, na mi nayo tumepita mengi.

Barua anabeba Nyandwi, yule muuza kaunjika, nguo za mitumba. Simu yangu inashinda kwenye chaji kwa Minani, mwenye umeme na kompyuta za kulipia, na pale mtu hawezi kumwambia bibi yake neno tamu bila kujibiwa na foleni nzima.

Usinisahau.

Bwana yako,
Gaspard


Area 18, Lilongwe, 27 Februari 2011

Papa Douce,

Mbanda wangu, muke mwenza wangu, alifika salama. Nasema ule mukebe wako. Bantu ya hapa walishangaa kuona mwanamuke anasafiri na mbanda wake kwenye magoti, tena amemufunga na kitenge asisikie baridi.

Kazi iko muzuri. Tuko wanawake wengi, tunashona mifuko na aproni, tunaimba, tunasemana vibaya. Ni kama nyumbani.

Rejista niliifungua. Iliomba adresi ya e-mail. We hauna, mi niko na ile ya atelier, basi sarafu zimeandikwa kwa jina langu kwa muda. Usinune. Sikiliza vile inavyofanya kazi: kila sarafu unapiga foto mbele na nyuma, wakaguzi wanaangalia, wanaipa namba. Namba moja haiwezi kukaa kwa bantu wawili. Ukitaka sarafu iende kwa mwengine, we unaiachia huku, na yeye anakubali kule. Bila hiyo haisogei. Kisha wanapanga wenye sarafu kwa cheo, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Leo we ni wa mwisho. Mi pia nilicheka.

Lakini tutapanda. Kuna papa mumoja Munyarwanda, anaitwa Twagiramungu, alifiwa na bibi yake zamani, anasali kwetu. Njo yeye wa kwanza katika rejista kwa sarafu za huku kwetu. Ananifundisha namna ya kupiga foto bila kivuli. Ile ya pembe sita anasema hajawahi kuikamata maisha yake yote. Nikamuacha aikamate kidogo. Alifunga macho.

Busu kwa Douce. Mwambie atengeneze kiti.

Louise


Dzaleka, 20 Machi 2011

Mama Douce,

Aliikamata na mkono gani?

Mi sina wivu. Nauliza kama mtu wa sayansi. Pia nauliza kwa nini alifunga macho, kwa sababu mtu anayependa sarafu huwa anayafungua.

Nilienda kwa Minani, nikalipa saa nzima, nikafungua rejista nione sarafu zangu. Foto ni nzuri sana, siwezi kukataa. Tembo anaonekana mpaka mikunjo ya magoti. Nikaikuza ile foto. Minani akasema, fundi, ukizidi kuikuza utatokea upande wa pili. Nikaendelea. Na pale pembeni ya sarafu, Mama Douce, kuna vidole viwili. Kimoja nakijua, kina alama ya kastabini, nimeishi nacho zaidi ya miaka ishirini. Kingine ni kidole gumba cha mwanamume. Kimekatwa kucha vizuri sana. Mwanamume aliyefiwa, anayeishi peke yake, kucha namna ile anamkatia nani?

Nimeangalia na kucha zangu. Zina chaki na uzi. Si vidole vya kupigwa foto.

Basi, nataka kujua: ana miaka mingapi? Anaimba sauti gani kanisani? Mnapiga hizo foto mkiwa wawili, au kuna watu wengine wa kukamata vitu? Ikiwa kazi ni kukamata tu, mi pia ninajua kukamata.

Na ile ya pembe sita iko wapi usiku? Kwako au kwake?

Bwana yako asiye na wivu,
Gaspard


Area 18, 10 Aprili 2011

Papa Douce,

Nimechelewa kujibu, kazi ilikuwa mingi.

Kidole ni chake. Alikuwa anakamata karatasi nyeupe ili mwanga urudi juu ya sarafu. Ana miaka sitini na kitu. Anaimba besi, vibaya. Tunapiga foto misa ikiisha, kwenye veranda ya parokia, mbele ya wanawake wa Legio ya Maria wenye kuona kila kitu na kusema hata chenye hawakuona. Sarafu inalala ndani ya mukebe, mukebe unalala chini ya kitanda changu, na mi nalala juu. Umetulia?

Kama nilikuwa nataka kukukimbia, Gaspard, ningekimbia na mutu mwenye hana sarafu. Kutoka kwa mutu wa sarafu kwenda kwa mutu wa sarafu, hiyo ni safari gani?

Sasa habari muzuri. Wenye rejista walitafuta bantu ya kuigeuza kwa Kiswahili, maneno yote ya kubonyeza. Papa Twagiramungu akajitolea, akaniomba nimusaidie. Anasema Kiswahili changu ni cha Bukavu, kinavaa pagne ya kitenge. Mi namwambia chake kilitembea kwa miguu kutoka Kigali, kimefika kimechoka. Tunabishana neno kwa neno. Siku nzima tulipigana juu ya neno moja la kusema «ukingo wa sarafu». Nilishinda.

Na habari ingine: Makuta ya Kadutu ni ya pili. Ya pili, Papa Douce. Mbele yetu iko yeye tu.

Louise


Dzaleka, 8 Mei 2011

Louise,

Hongera kwa kupanda. Nilienda kwa Minani nikaona kwa macho yangu. Wa kwanza: Twagiramungu. Wa pili, chini yake, karibu kabisa, kama bantu walioketi benchi moja: Louise. Gaspard hayupo. Nilitafuta hata kwa herufi ndogo zile za chini, zenye kusema rejista haihusiki na hasara. Hayupo.

Minani aliuliza kama bibi yangu sasa ni tajiri na mi ndiye mfanyakazi wake. Foleni ikacheka. Mi pia nilicheka, nilikuwa nimeshalipia saa nzima.

Unaniambia mnatafuta maneno pamoja, siku nzima kwa neno moja. Mi nawe tulitafuta neno pamoja lini? Sisi tunaulizana chumvi iko wapi. Na ukirudi na maneno yote hayo mapya, mi nitakujibu na yapi?

Nimefikiri sana na nimeona hivi. Nataka sarafu zangu. Zote. Na jina langu juu yake. Sisemi kwa hasira. Nasema kwa utulivu, na Douce aliyesimama nyuma yangu anasema niandike kwamba kalamu imetoboa karatasi.

Hasa ile ya pembe sita.

Gaspard


Area 18, 29 Mei 2011

Papa Douce,

Nimesikia. Nimefikiri na nimeona njia moja tu ya kumaliza hii maneno.

Douce alinitumia kwa Nyandwi ile adresi ya e-mail yenye alikufungulia. Jumamosi enda kwa Minani, fungua rejista. Utakuta habari yako pale. Sasa inasema Kiswahili, utaelewa mwenyewe.

Sina maneno mengi leo.

Louise


Dzaleka, 5 Juni 2011

Louise,

Siandiki Mama Douce, sijui kama bado nina ruhusa.

Nilienda Jumamosi kama ulivyoagiza. Nilivaa lile shati la bluu, kwa sababu nilifikiri ni siku nzuri. Miwani nilikuwa nimeiacha kwenye cherehani, basi nikamwomba Minani anisomee. Akafungua. Akajifanya anafuta skrini. Nikamwambia soma, mi ni mtu mzima. Akasoma kwa sauti, maskini, hana sauti ndogo:

«Louise amekuacha. Kubali au Kataa.»

Akazima redio. Mwanamume mmoja kwenye foleni, aliyekuja kutoa kopi ya diplomu, alivua kofia.

Nilisikia kwamba siku hizi bantu wanaachana kwa simu. Kwa rejista ya sarafu nadhani mi ni wa kwanza, na hapo basi nimempita Twagiramungu. Sikutaka kuisihi mashine mbele ya watu. Nikamwambia Minani abonyeze Kubali. Aliuliza, fundi, una hakika? Nikasema bonyeza. Akabonyeza, nikatoka, sikungoja kuona kingine. Saa yangu haikuwa imeisha. Nilimwachia mwenye diplomu.

Basi, nenda kwa amani. Mwambie huyo papa mambo machache ili asipate shida: chai ya tangawizi hupendi, unaikunywa kwa adabu tu. Ukilala unavuta blanketi lote, lakini ukiamshwa unakana. Ukinyamaza siku mbili ni hasira, ukinyamaza tatu ni jino. Kucha zake asibadilishe.

Sarafu kaa nazo. Sijui nilizitakia nini.

Kwa Douce nimesema una kazi nyingi.

Gaspard


Area 18, 19 Juni 2011

Gaspard,

Barua yako niliisoma nikacheka, nikafikiri ni mizaha yako. Niliisoma tena, nikaona hauchekeshi. Nikaipeleka kwa Papa Twagiramungu, akakaa chini.

Soma barua yake, iko ndani ya hii. Mi nitaandika kisha. Leo niko na hasira na sitaki kuitupa ovyo.

Louise


Lilongwe, tarehe 19 Juni 2011

Kwa Bwana Gaspard, mpendwa katika Kristo,

Hatujuani uso kwa uso. Naandika nikiwa na aibu kubwa, kwa kuwa kosa ni langu, wala si la Madame Louise.

Tulipotafsiri rejista kulikuwa na sentensi ya kumjulisha mtu kwamba mwenzake amempatia sarafu. Madame aliandika vizuri sana: «amekuachia». Lakini mahali pale pana kisanduku, na kisanduku hupokea herufi tisa tu. Neno lina kumi. Nilijaribu kufupisha kwa njia mbalimbali. Mwishoni niliondoa ile i. Nilijiambia: i ni herufi nyembamba, nani atakayeona?

Bwana Gaspard, umeiona.

Madame alikuachia sarafu zote ili ziwe kwa jina lako kama ulivyoomba. Orodha ya sarafu ilikuwa chini ya yale maneno, mngeshuka kidogo mngeikuta. Aliketi veranda siku ile tangu misa ya kwanza, akingoja ukubali. Ulipokubali aliwaonyesha watu wote.

Nimewaandikia wenye rejista warekebishe. Wanasema wamepata malalamiko kutoka Bujumbura pia.

Kwa kuwa umenipa maelekezo kuhusu tangawizi na blanketi, nayarudisha kwa heshima, sitayahitaji. Ila sitasema uongo, kwa kuwa mimi ni mkristo: nilikuwa na wivu. Zangu nilizinunua, nyingi kwa posta, zilifika ndani ya bahasha. Madame akikamata moja ya kwako anaanza: hii Gaspard aliiokota kwenye vumbi la soko la Kadutu akachelewa harusi ya kaka yake, hii alipewa chenji na muuza ndizi, akarudi kununua ndizi tena apate nyingine. Mimi napiga foto na kusikiliza. Nikirudi nyumbani nafungua kabati yangu, na hakuna anayeniambia kitu juu ya hata moja.

Ninakujulisha pia kwamba wakaguzi wamemaliza ile ya pembe sita. Wewe ni wa kwanza sasa. Mimi ni wa pili.

Wako mnyenyekevu,
Twagiramungu


Dzaleka, 26 Juni 2011

Mama Douce, Mama Douce, Mama Douce,

Naandika mara tatu kulipia ile barua nyingine.

Nimepita kambi nzima na barua ya mzee huyo. Nimemsomea Minani, naye akawasha redio. Nimemtafuta yule wa diplomu nimwambie avae kofia yake, nikaambiwa amekwenda Madisi. Herufi moja, Louise. Mi ninayemfokea mteja kwa sentimeta moja ya kiuno, nimebanwa na i.

Nimeona na jina langu. Wa kwanza. Nilimwomba Minani aniachie ukurasa wazi, nikakaa tu, sikubonyeza kitu. Nimeahidi sitabonyeza kitu tena maisha yangu.

Mwambie Papa Twagiramungu nimemsamehe, na kwamba nitamshonea shati, anitumie kipimo cha shingo. Zile hadithi za ndizi ni za kweli. Kuhusu harusi ya kaka yangu umeongeza chumvi: nilifika wakati wa keki.

Basi yote yamekwisha vizuri. Wiki chache tu urudi. Douce ametengeneza kiti kwa msumari, usikalie upande wa kushoto. Ukifunga mizigo, mkebe uuweke katikati ya nguo, si juu, na ile ya pembe sita uifungie peke yake kwenye kitambaa laini. Mafuta yamekosekana kabisa huku, sijui gari itatoka wapi, lakini tutatafuta.

Bwana yako aliyeachwa kwa wiki tatu tu,
Gaspard


Area 18, 10 Julai 2011

Gaspard,

Mi pia leo siandiki Papa Douce.

Herufi ilikosewa, sawa. Papa Twagiramungu aliomba samahani, nilimusamehe siku ile ile. Tuache herufi.

Tuongee yenye haikukosewa. We ulisoma kwamba nimekuacha. Uliamini. Na palikuwa mahali pawili pa kubonyeza, Gaspard. Pawili. Mi mwenyewe njo nilichagua hayo maneno, nayajua: Kubali, na pembeni yake Kataa, kubwa namna moja. We ukachagua Kubali, shati ya bluu mwilini, ukarudi nyumbani.

Haukuuliza hata swali moja. Haukutuma Nyandwi. Haukupanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, kufika kwenye lami. Juu ya kidole uliniuliza maswali karatasi nzima. Kwa ile sarafu ya pembe sita uliandika barua tatu. Kwa mi, bonyeza moja, tena kwa mukono wa Minani.

Na barua yako ya juzi inacheka. Na inamalizika na kitambaa laini.

Mukubwa wa atelier ameniomba nibaki mpaka Desemba. Nilimwambia sijui. Anataka jibu mwanzo wa mwezi wa nane. Kabla ya barua yako ya Kubali ningemujibu palepale, na ningekuwa nimeshafunga mizigo. Sasa kweli sijui.

Niambie kitu. Usinichekeshe.

Louise


Dzaleka, 17 Julai 2011

Louise,

Umeniambia nisikuchekeshe. Nimechana barua mbili zilizoanza vibaya. Hii ni ya tatu.

Uliuliza kwa nini nilikubali. Nilikubali kwa sababu niliamini, na niliamini kwa sababu nilikuwa naingoja. Si tangu Februari. Tangu zamani. Ulikuwa msichana wa lycée, mwenye kusoma, baba yako ana duka. Ukaolewa na mtu wa uzi na mkasi anayejaza mifuko vyuma vya zamani. Kisha vita ikatuleta hapa, na hapa hata mkasi haukuwa wangu mwaka wa kwanza. Kila mara ulipocheka na mtu mwingine, nilifikiri: leo ataona. Nikafanya mzaha haraka ili usione. Hivyo njo nimeishi.

Wivu wangu, Louise, haukuwa kwamba utafanya kosa. Ulikuwa kwamba utapata akili.

Minani aliposoma yale maneno sikushangaa. Hiyo njo aibu yangu. Nilisikia kama mtu aliyeitwa jina lake ofisini baada ya kukaa benchi muda mrefu. Ile Kataa niliiona, alinisomea zote mbili. Lakini mtu akikataa anapaswa kuwa na sababu. Nilijitafuta ndani sababu moja ya kumwambia mwanamke kama wewe abaki na mi, na bantu wamesimama nyuma yangu, na sikuipata. Labda ningekaa zaidi. Sikukaa.

Swali nililopaswa kukuuliza siku ile nakuuliza leo, na lolote utakalojibu nitalisoma peke yangu, na miwani.

Louise, umewahi kutaka kuniacha?

Barua hii haina swali lingine.

Gaspard


Area 18, 31 Julai 2011

Papa Douce,

Ndiyo. Siku moja.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ikinyesha. Nilishikwa na malaria, sikukuambia. Nililala kwenye kile chumba nyuma ya atelier, mwili unawaka, nguo zimelowa. Njo Nyandwi akaleta barua yako. Nilifikiri itanisaidia. Nikasoma: aliikamata na mukono gani. Nikasoma kidole, nikasoma kucha, nikasoma ile ya pembe sita inalala wapi. Na mi nilikuwa nimelala pale juu yake, natetemeka mpaka mukebe ulikuwa unalia chini ya kitanda.

Nikasema kwa kinywa, na hapakuwa mutu: basi, nimemuacha. Kisha nikashikwa na usingizi.

Niliamka asubuhi sina bwana. Homa ilikuwa imeshuka. Sitakudanganya, ilikuwa muzuri. Kulikuwa kimya. Nilikaa namna ile mpaka wakati wa chakula, natazama maji yanavyoshuka kwenye bati, sina mutu wa kumufikiria. Kisha Benedicte, yule mwenye kutupikia hapa, akaniletea uji, akaona barua chini, akauliza inasema nini. Nikamusomea. Nilikuwa nataka aone vile we ni mubaya. Tulifika kwa kucha, akaanza kucheka. Mi nikamukasirikia. Tulifika pale Minani anakuambia utatokea upande wa pili, akamwaga uji. Nikacheka mi pia, na kifua kilikuwa kinauma. Nilipomaliza kucheka nilikuwa tena bibi yako. Sikuamua. Nilikuta tu niko.

Siku ile nilikuacha kweli, na hakuna mashine yenye ilikuletea habari. Nilirudi, pia haikuandika.

Unasema haukupata sababu. Mi sikuitafuta, na nilibaki. Usiniulize tena ni gani, sitajua kukuambia.

Papa Twagiramungu anakusalimia. Shingo yake ni arobaini na moja.

Omba ruhusa ya kutoka kambini, ukuje kabla ya Jumatatu ya tarehe nane. Kama mafuta haiko, kuja vile utaweza. Jumatatu asubuhi mukubwa wa atelier ataniita mbele ya wanawake wote aulize kama nabaki mpaka Desemba. Mi sitajibu. Nitageuka nikutazame. Na we ukatae, Gaspard, kwa sauti, kila mutu asikie.

Bibi yako,
Louise